Mbona samaki wako wa Kithai kalainika: dalili, sababu na namna ya kumuokoa

Haya wadau, leo tunaongelea yule samaki mzima wa kukaanga mpaka ngozi inavunjika ukiigusa, halafu anamwagiwa sosi nzito ya pilipili, ukwaju na sukari. Wathai wanamuita pla rad prik, na yule ambaye utamu, uchachu na chumvi vimelingana wanamuita pla sam rot, wa ladha tatu. Kwenye video ni kitu cha nusu saa na mpishi anatabasamu muda wote, we ukiingia jikoni ngozi imebaki kwenye karai, sosi haieleweki na jirani anakohoa dirishani. Mi msimamo wangu ni mmoja na ntaurudia humu mpaka uuchoke: karibu kila kinachoharibika kwenye hiki chakula ni maji. Maji yaliyobaki kwenye samaki, maji uliyotia kwenye blenda ili izunguke, mvuke ulioufungia chini ya mfuniko. Kabla hujalaumu pilipili au mafuta au duka ulikonunua, jiulize maji yako wapi sa hivi.

Kipimo cha kuanzia, ili tukiongea tuelewane

Samaki mmoja wa gramu 700 hivi, katolewa magamba na matumbo. Pilipili ndefu nyekundu 5 au 6, pilipili kichaa 3 kama unazimudu, kitunguu saumu punje 8, vile vitunguu vyekundu vidogo 4, na mizizi ya giligilani mitatu ukiipata, hiyo mizizi wengi wanaikata na kuitupa sokoni kumbe ndo yenye harufu kuliko majani. Sukari guru vijiko vya chakula 4, maji mazito ya ukwaju vijiko 4, nam pla, yaani ile sosi ya samaki ya Kithai, vijiko 3 ila anza na 2. Ukwaju wenyewe gramu 50 unauloweka kwenye maji ya moto nusu kikombe, unaukamua kwa mkono, unachuja kokwa na nyuzi.

Samaki wasikusumbue kichwa. Huko Thailand wanaokaangwa sana hivi ni pla kapong na pla nin. Pla kapong ni ukoo mmoja na sangara, wote wanasayansi wanawaita Lates, na pla nin ndo sato kabisa, sato wa Nile, aliyeingia Thailand mwaka 1965 pale Akihito, wakati huo bado mrithi wa ufalme wa Japani, alipompa Mfalme Bhumibol samaki 50 wakaenda kufugwa kwenye mabwawa ya kasri la Chitralada, na mwaka uliofuata mfalme akatoa elfu 10 kwa idara ya uvuvi wakasambazwe kwa wafugaji. Ukwaju nao asili yake ni Afrika. Kwa hiyo mtu wa Mwanza au Kisumu asiseme hana samaki wa Kithai, huyo wa Kithai ndo katokea huku. Mtu wa pwani chukua changu, nyama yake nyeupe imeshikana, inafaa sana.

Kaganda kwenye karai, ukimgeuza ngozi inabaki

Hii ndo kesi inayoongoza. Kwanza angalia kama alikuwa mkavu, na sizungumzii kumtikisa mara mbili juu ya sinki. Akiwa na maji, joto la mafuta linashuka pale pale ngozi inapogusa chuma, na nyama inajishika na chuma kabla haijafanya ganda. Mfute kwa tishu za jikoni nje, ndani ya tumbo, kwenye mashavu, na ndani ya zile chale ulizomkata ubavuni, kwenye chale ndo watu wengi wanasahau. Halafu mpake chumvi kijiko kimoja cha chai, muache dakika 20, utakuta katoa maji mengine, mfute tena. Kama una muda muweke kwenye friji bila kumfunika masaa matatu manne, ile hewa ya friji inakausha ngozi vizuri sana mpaka ukiigusa haishiki kidole. Wathai wana samaki wao wanaitwa pla daet diao, wanaanikwa jua moja tu ndo wanakaangwa, ni hesabu ile ile.

Kama alikuwa mkavu na bado kaganda, basi umemgeuza mapema. Ngozi inaganda mwanzoni kwa kila mtu, hata kwa mpishi wa miaka thelathini, ila ikishakauka inajiachia yenyewe. Wewe shika mpini utikise karai kidogo, akiteleza mgeuze, asipoteleza muache atulie na mwiko uweke chini. Wenye papara ndo wanaokula samaki vipande vipande.

Au karai lenyewe. Liweke motoni tupu mpaka lianze kutoa moshi mwepesi, tia mafuta vijiko viwili uzungushe pande zote, ndo uongeze yaliyobaki na usubiri yapate moto. Karai la chuma lililozoea mafuta halisumbui, sufuria ya alumini inasumbua, na fraipani ya nonstiki inakubali ila usiiwashe tupu hivyo, ile dawa yake haipendi.

Halafu kuna hili la kwetu. Sisi samaki hatumkaangi bila kumpaka saumu iliyotwangwa, tangawizi na ndimu, na kwenye samaki wa kawaida ni sawa kabisa sina ugomvi, ila huyu hapana. Ile saumu ya majimaji inakaa kwenye ngozi inaungua inakuwa nyeusi na chungu kabla samaki hajaiva, na ndimu ikikaa muda inalainisha ngozi. Viungo vyote vya huyu samaki viko kwenye sosi. Kama roho haikubali kabisa, mpake ndimu dakika 5, msuuze, mfute, na manjano ya unga kidogo na chumvi basi, kusini mwa Thailand wanakaanga samaki wa manjano wanamuita pla thot khamin na ni mtamu balaa.

Mafuta yanaruka mpaka ukutani

Maji tena. Ukiwa umemfuta vizuri na bado yanaruka, kuna maji yamejificha: macho, mashavu, na mfuko wa hewa kama haukutolewa tumboni. Samaki wa friza ndo mbaya zaidi maana barafu imechana nyama na maji yanaendelea kuvuja, huyo myeyushe kwenye friji usiku kucha akiwa juu ya chujio, usimyeyushe kwenye beseni la maji halafu umkaange hapo hapo. Vumbi jembamba la unga wa mchele au konflawa linasaidia, linanyonya ule unyevu wa mwisho, ila nasema vumbi, ukimpaka uji wa ngano na mayai umeshahama umeingia kwenye pishi jingine ambalo likimwagiwa sosi linakuwa sponji.

Usifunike na mfuniko. Najua inavutia kufunika pale yanaporuka, lakini mvuke unagonga mfuniko unageuka matone, matone yanarudi kwenye mafuta, na kelele inaongezeka mara mbili. Weka chujio pana juu kama unalo. Mtumbukize kwa kumlaza kuanzia upande wako kwenda mbele ili mafuta yakisukumwa yasukumwe mbali na wewe, na kabla ya kumgeuza punguza moto. Na yakishika moto kabisa, zima gesi ufunike, hapo sasa ndo mfuniko unatakiwa, maji usimwage hata tone.

Nje kahawia, ndani damu

Moto mkali mno, au samaki mnene na hujamchana. Mkate chale tatu za mshazari kila upande mpaka kisu kiguse mfupa. Zile chale si urembo, ndo njia ya joto kuingia na ya mvuke kutoka, na bila hizo ngozi inajikunja na samaki anapinda mgongo na mkia unakaa nje ya mafuta. Samaki aliyetoka kwenye friji mtoe akae nje dakika 15 kabla.

Joto la mafuta unataka nyuzi 170 hadi 180 kabla hajaingia. Bila kipimajoto chukua kijiti cha mbao kikavu usimamishe ndani, vipovu vidogo vikipanda haraka kuzunguka kijiti uko sawa, vikija kwa uvivu subiri, na yakitoa moshi umepitiliza, toa karai motoni kwanza. Akiingia joto litashuka, acha moto wa wastani, huyo wa gramu 700 dakika 6 mpaka 8 kila upande. Wenye jiko la mkaa hapa mna kazi kidogo maana moto haupungui kwa kuuomba, toeni makaa mawili matatu na koleo katikati ya pishi, mkimaliza myarudishe kwa ajili ya raundi ya pili nitakayoisema.

Kujua kama kaiva, chungulia kwenye chale karibu na mfupa wa shingoni, nyama iwe nyeupe na iachie mfupa. Kama mafuta ni machache na hayamfuniki, chota na upawa umwagie mgongoni na kichwani muda wote, usikae umesimama tu unamuangalia.

Kanyonya mafuta, ukimbonyeza yanatoka

Mafuta yalikuwa ya baridi, au umetia samaki watatu kwa pamoja. Ilivyo ni kwamba maji ya ndani yakigeuka mvuke yanasukuma kutoka nje, na muda wote yanapotoka kwa nguvu mafuta hayapati njia ya kuingia. Moto ukiwa mdogo mvuke unakosa nguvu, anakaa anaoga tu. Mmoja mmoja, yakipata moto tena ndo wa pili. Yule aliyekwisha nyonya mrudishe kwenye mafuta ya moto kweli dakika moja, mengine yatamtoka, si yote.

Alikuwa mkavu, umemwagia sosi akawa laini

Hapa tukae kidogo maana ndo roho ya hiki chakula, na ndo swali linaloulizwa kuliko yote.

Cha kwanza, pengine hakuwa mkavu, alikuwa na rangi tu. Rangi inakuja mapema kuliko ukavu, hasa ukiwa umempaka manjano. Tumia masikio. Akiingia kwenye mafuta kelele ni ya mvua kwenye bati, mapovu makubwa yanachemka mwili mzima, hayo yote ni maji yanaondoka. Kadiri anavyokauka mapovu yanapungua yanakuwa madogo, na kelele inashuka inabaki mlio mwembamba wa kupasuka pasuka. Mtu anayemtoa wakati mvua bado inanyesha katoa samaki mbichi wa ngozi, haijalishi ana rangi gani. Ukimgonga na mwiko ubavuni unatakiwa usikie mlio mgumu.

Pili, mkaange mara mbili. Raundi ya kwanza aive, mtoe apumzike dakika 10, wakati huo unapika sosi, na ule unyevu uliobaki katikati ya nyama unatembea unakuja kwenye ngozi, utaiona ngozi imelegea tena, usiogope. Raundi ya pili mafuta ya moto zaidi, nyuzi 190 hivi, dakika moja mpaka mbili tu. Hapo ngozi inakuwa ngumu na inadumu. Migahawa inayokupa samaki mkavu namna ile siri yao ni hii, hamna unga wa ajabu.

Tatu, umemuweka wapi akipumzika? Ukimlaza kwenye sahani juu ya tishu, upande wa chini unajipika kwa mvuke wake mwenyewe na tishu imelowa inamrudishia. Mweke juu ya waya, ile wavu ya oveni au hata chujio kubwa lililogeuzwa, hewa ipite chini. Usimfunike na sahani eti asipoe. Apoe kidogo, sosi itakuwa ya moto.

Nne sosi yenyewe ni nyepesi. Sosi yenye maji inazama kwenye ngozi palepale, ile nzito inakaa juu. Na imwagwe mezani, watu wakiwa wamekaa, kijiko kipo mkononi. Dada anayemwaga sosi jikoni halafu anakwenda kukata kachumbari na kuita watoto, huyo samaki hana msaada. Au mwaga nusu mgongoni tu, kichwa na mkia viachwe vikavu, nyingine weka bakuli pembeni kila mtu ajichovyee. Mi napenda hivi zaidi kuliko kumuogesha wote.

Ila na wewe usijitese kupita kiasi. Huko Bangkok kwenye vibanda vya wali na michuzi huyu samaki anamwagiwa sosi asubuhi na kukaa kwenye trei mpaka mchana, ngozi imeshalainika imenyonya pilipili na ukwaju wote, na watu wanapanga foleni. Ukiharibikiwa na wageni wako sebuleni, mwite wa hivyo, na hutakuwa umedanganya.

Ana ladha ya tope

Hii ni ya sato na perege wa bwawani, si kosa la mpishi. Kuna kitu kinaitwa jiosmini kinatengenezwa na vijidudu vya kwenye maji na udongo, ni kile kile kinacholeta harufu ya ardhi baada ya mvua, na samaki anakihifadhi kwenye mafuta yake. Toa ile ngozi nyeusi ya ndani ya tumbo, toa matamvua yote, safisha damu iliyolala kwenye uti wa mgongo. Tindikali inakivunja, na hapa ndimu ile niliyoikataa juu inapata kazi: chumvi na ndimu au siki dakika 10, suuza vizuri, kausha kisawasawa. Ukwaju wa kwenye sosi utamalizia. Akiwa bado ananuka tope baada ya hapo, badilisha muuza samaki.

Sasa sosi

Sosi ina ladha ya saumu mbichi. Umesaga kwenye blenda na maji, ukatia kwenye mafuta, kile kilichotokea ni kuchemka na si kukaanga. Twanga kwenye kinu, saumu na mizizi ya giligilani na pilipili manga nyeupe na chumvi kidogo kwanza, ndo pilipili, ndo vitunguu. Visilainike kabisa, vibaki vya kuonekana, sosi ya huyu samaki inatakiwa iwe na vipande. Kama lazima blenda, izungushe na mafuta badala ya maji. Halafu kaanga kwenye mafuta vijiko 3, moto mdogo kwenda wa wastani, koroga mpaka ile harufu ya kuwasha puani igeuke kuwa ya kutamanisha, na mafuta yajitenge yakiwa mekundu pembeni. Kabla mafuta hayajajitenga usitie kitu kingine chochote.

Sosi chungu, na si ukali, uchungu wa kweli. Saumu imeungua. Haina dawa, sukari haifuti uchungu, inauchanganya tu. Mwaga anza upya, ni saumu punje 8, hujafilisika.

Kila mtu nyumbani anakohoa. Pilipili imegusa mafuta ya moto mkali ikiwa peke yake. Anza na saumu, pilipili ifuate, moto chini, dirisha wazi. Kidogo mtakohoa tu, hamna namna.

Sosi nyepesi. Ichemshe. Mkono wa wengi unakimbilia konflawa na migahawa mingi inafanya hivyo, inang'aa vizuri kwenye picha, lakini wanga uliochemka sana kwenye ukwaju unalegea na baada ya muda sosi inaachia maji sahanini, na hayo maji yanakwenda kwa nani? Kwa ngozi. Wewe acha ichemke taratibu mpaka ikipaka mgongo wa kijiko, ukipitisha kidole katikati njia inabaki wazi haijifungi. Kumbuka ikipoa itakaza zaidi, itoe ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyotaka.

Imekuwa gundi, inavutika. Umepitiliza, maji yameisha imebaki sukari iliyopikwa, na ikigusa samaki itaganda iwe pipi. Kijiko kimoja cha maji ya moto, koroga, kingine kama bado. Hapa ndo mahali pekee kwenye hii habari yote ambapo maji ni rafiki.

Rangi nyeusi badala ya nyekundu. Sukari guru yako ni ya kahawia sana, au ukwaju ni ule wa kopo mweusi wa Kihindi. Ladha haina shida. Ila huo wa kopo una nguvu mno, vijiko 4 vyake ni balaa, anza na kimoja kikiwa kimeyeyushwa na maji vijiko vitatu. Watu wanaotia tomato sosi kupata wekundu waache, ina utamu wake na siki yake na inafunika kila kitu, wekundu unatoka kwenye pilipili ndefu.

Chachu mno, tamu mno, chumvi mno

Hizi tatu zinasukumana kwa hiyo hurekebishi moja bila kugusa nyingine. Utaratibu wangu: sukari iyeyuke kwanza, ukwaju ufuate, nam pla mwisho na kwa awamu, maana sosi ikipungua maji chumvi inabaki pale pale na inazidi kusikika, mtu aliyetia nam pla yote mwanzoni halafu akachemsha dakika 5 kajitengenezea bahari. Na samaki alishapakwa chumvi, usisahau.

Onja ikiwa vuguvugu, ulimi uliochomwa hauna maoni. Na onja na wali mweupe kidogo, hii sosi haijatengenezwa ilambwe kwa kijiko, peke yake inatakiwa ionekane imezidi kila kitu, ikikutana na wali na nyama ya samaki ndo inakaa sawa. Ikiwa chachu ongeza sukari nusu kijiko na tone la nam pla. Ikiwa tamu mpaka inachosha ongeza ukwaju, au kamulia ndimu ukishazima moto, ndimu ikichemka inapoteza ile harufu. Ikiwa chumvi, ukwaju na sukari kwa pamoja, kisha mwagia kidogo tu mezani. Kuna wanaotia magadi kupunguza ukali wa ukwaju, jamani, itakuwa na ladha ya sabuni.

Ikiwa imekaa vizuri lakini imepooza, haina kitu, hapo mara nyingi imekosa chumvi na mtu anadhani imekosa pilipili.

Pilipili imezidi, watoto wanalia

Maji ya kunywa hayasaidii, ule ukali hauyeyuki kwenye maji, wape maziwa. Sosi yenyewe iongezee ukwaju, sukari na vitunguu vilivyokaangwa, yaani iongeze wingi. Njia nyingine ni tui zito la nazi nusu kikombe, ila jua umeshaondoka kwenye sam rot unaelekea kwenye samaki wao mwingine wa tui anaitwa chuchi, ambaye mtu wa Mombasa au Unguja akimuonja atamtambua haraka sana kuwa ni ndugu wa samaki wa kupaka. Si hasara.

Safari ijayo pasua pilipili utoe ule utando mweupe wa ndani, ukali mwingi uko pale, mbegu zinasingiziwa tu. Na pilipili mbuzi usitumie badala ya pilipili kichaa ukidhani ni ukali kwa ukali, ina harufu yake ya matunda inayoteka sufuria nzima.

Nam pla inanuka, nimeharibu?

Hujaharibu. Ni dagaa wa baharini, jamii ya dagaa mchele, wamelala kwenye chumvi mwaka mzima au zaidi mpaka wakatoa maji, unategemea inukie nini? Mimina pembeni ya karai penye moto, ichemke sekunde chache, ile harufu kali inaondoka inabaki utamu wa chini chini ambao hutaujua umetoka wapi. Ukiwa Muscat au Dubai au Ulaya chupa yake ni kitu cha duka la mtaani, Dar na Nairobi ni supamaketi zenye rafu ya vyakula vya Kiasia. Ukikosa kabisa tia soya sosi nyepesi na chumvi, inalika, lakini itaonja Kichina zaidi kuliko Kithai na nisingependa nikudanganye.

Majani ya juu yamelegea

Yale majani yanayong'aa juu ya samaki ni mrehani wao uliokaangwa. Mrehani wa pwani ni ndugu yake na unafanya kazi ile ile. Yakiwa na maji yatalipuka vibaya kuliko samaki, kausha jani moja moja, tumbukiza sekunde 10 au 15, mlio ukikatika toa. Yakilegea hayakukauka, rudisha.

Kabaki wa jana

Usimpashe kwenye maikrowevu, hiyo inatoa mvuke ndani na ngozi inakuwa raba. Kwangua sosi iliyo juu uiweke kwenye kisufuria na kijiko cha maji, samaki muingize kwenye oveni ya nyuzi 200 juu ya wavu dakika 10, au fraipani kavu moto mdogo kila upande. Kama ni vipande tu vimebaki, chambua nyama utoe miba yote, zile za sato ni nyembamba kagua kwa vidole, kaanga na wali wa jana na ile sosi, weka yai juu. Na mafuta ya kukaangia yachuje na kitambaa yakiwa yamepoa uweke chupa yake peke yake, ni ya samaki tu sasa hayo, ukiyapikia maandazi nyumba nzima itajua.